Mwongozo Kamili: Jumapili kwa Baiskeli Kando ya Reli, Kutoka Posta Hadi Pugu na Kisarawe

Dar es Salaam haina njia ya baiskeli iliyotengenezwa juu ya tuta la reli iliyokufa. Kwa wenzetu zipo. Kule Wisconsin, Marekani, reli ya kati ya Elroy na Sparta ilipoachwa, miaka ya 1960 iligeuzwa njia ya baiskeli ya kilomita 51 hivi, yenye mahandaki matatu, na moja kati yake linapita kilomita moja kwa urefu. Njia za namna hii zinapendwa kwa sababu treni haiwezi kupanda mlima mkali. Mpimaji wa reli hulazimika kutafuta mwinuko wa polepole, na mwendesha baiskeli wa leo anafaidi jasho la mpimaji wa zamani.

Reli zetu sisi bado ziko kazini. Lakini ukitoka Posta ukaifuata Barabara ya Nyerere hadi Pugu, kisha ukapanda Kisarawe, unasafiri jirani na reli muda mrefu, na wala si reli moja. Njiani unakutana na reli tatu za vipimo vitatu, na mwisho wa safari kuna msitu wa asili. Kigamboni kuna bahari na minazi, sikatai, ila baada ya saa moja macho yameshazoea. Barabara ya Bagamoyo ina magari mengi mno kwa mtu anayetafuta utulivu. Upande wa Pugu ndio pekee ambako jiji linaisha kwa vilima.

Kwenda na kurudi ni kati ya kilomita 60 na 70, kutegemea utazunguka kiasi gani msituni. Mtu mwenye afya ya kawaida anayeendesha baiskeli mara mojamoja mtaani anaimaliza kwa siku moja, mradi aondoke mapema na asiwe na haraka.

Kabla ya yote: kando ya reli, si juu ya reli

Utaona watu wanatembea katikati ya reli ya zamani, wengine wanakokota baiskeli juu ya mataruma. Usiwaige. Kupita kwenye njia ya reli pasiporuhusiwa ni kosa, na kokoto za tuta zinatafuna tairi. Reli ya kisasa, yaani SGR, ndiyo usiisogelee kabisa. Ina uzio, ina nyaya za umeme juu, na treni zake zimeundwa kukimbia hadi kilomita 160 kwa saa. Treni ya umeme haina ule mngurumo wa dizeli unaokuonya ikiwa bado mbali. Ukisikia mchongoko, ile treni ya umeme yenye pua iliyochongoka, unavuma, tayari umefika.

Pa kuvukia ni kwenye madaraja, vivuko vya chini na makutano rasmi ya barabara. Kwenye makutano ya reli ya zamani, vuka ukiwa umenyooka, gurudumu likikata chuma kwa pembe mraba. Ukivuka kimshazari, tairi jembamba linaingia kwenye mfereji wa kando ya chuma na unaanguka kabla hujajua kilichotokea. Mvua ikiwa imenyesha, shuka uikokote, kwa sababu chuma kilicholowa kinateleza hata kwa tairi pana.

Siku na saa ya kuondoka

Chagua Jumapili. Jumamosi asubuhi Barabara ya Nyerere bado ina malori ya makontena na watu wanaowahi Kariakoo. Jumapili saa kumi na mbili asubuhi barabara iko wazi, na hata makondakta wa daladala wana sauti ya chini.

Miezi mizuri ni Juni hadi Septemba, kipupwe, jua likiwa na huruma kidogo. Januari na Februari inawezekana, ila joto litakudai maji mengi. Masika, Machi hadi Mei, achana nayo: barabara za lami zinapitika, lakini njia za msituni zinageuka utelezi na udongo unaganda kwenye breki hadi gurudumu halizunguki. Vuli huwa na siku nzuri katikati ya mvua, kwa hiyo tazama anga la Jumamosi jioni ndipo uamue.

Upepo nao una hesabu yake. Mchana upepo wa bahari unaingia nchi kavu, na wewe utakuwa unarudi ukielekea baharini. Anayechelewa kuondoka Kisarawe anarudi mjini huku upepo unamsukuma kifuani, pale hasa miguu inapokuwa imechoka. Panga kuanza kushuka kabla ya saa saba mchana. Vinginevyo subiri hadi saa kumi, ukijua kwamba giza linaingia saa kumi na mbili na nusu hivi.

Baiskeli gani inafaa

Baiskeli ya gia yenye matairi ya upana wa wastani ndiyo jibu la wengi. Ile ya mashindano, yenye matairi membamba kama kidole, itakufurahisha hadi Gongo la Mboto na kukuliza msituni. Foniksi la chuma bila gia linaweza safari hii, na wako wazee wa Kisarawe waliokuwa wakishuka nalo mjini wamebeba gunia la mkaa kwenye keria. Wewe kwenye mlima wa Pugu utashuka ukokote. Hakuna aibu.

Kama huna baiskeli, azima au kodi kwa mtu unayemfahamu, na uipate siku mbili kabla. Baiskeli iliyokaa stoo mwaka mzima haipandi Pugu bila kupita kwa fundi.

Siku mbili kabla ya safari, kagua vitu hivi:

1. Breki. Huu ndio ukaguzi wa kwanza, kwa sababu kurudi ni mteremko. Bana breki ya mbele uisukume baiskeli: gurudumu la nyuma linatakiwa kuinuka. Fanya na ya nyuma. Tazama mipira ya breki, ikiwa imebaki myembamba kiasi cha chuma kukaribia rimu, badilisha. Hakikisha waya wa breki haujaanza kuchanika nyuzi pale unapoingia kwenye mkono wa breki.

2. Tairi na upepo. Pitisha kiganja taratibu kuzunguka tairi lote ukitafuta misumari, miiba na vioo. Tairi lenye nyufa pembeni si la kusafiria. Kwa tairi la upana wa kati jaza upepo wa PSI 40 hadi 50 kwa ajili ya lami. Ukifika msituni punguza kidogo ili likamate ardhi. Fundi wengi wa mtaani wanapima kwa kidole gumba, na wengi wao gumba lao halikosei, lakini pampu yenye kipimo ni bora.

3. Mnyororo. Usafishe kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, uache ukauke, ndipo upake mafuta mepesi. Mafuta ya cherehani yanatosha kwa safari ya siku moja ya ukavu. Oili chafu ya gari usiiguse: inashika vumbi na kuwa msasa unaokula meno ya gia.

4. Kiti. Kaa, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu unatakiwa kunyooka. Wengi tunaendesha na kiti kilichoshuka mno, tukidhani ndiyo usalama, halafu tunalaumu magoti.

5. Spoki na goroli. Inua gurudumu ulizungushe. Likiyumba kushoto na kulia, spoki zimelegea. Ukisikia mkwaruzo kwenye ekseli, goroli zimekauka au zimevunjika. Hii ni kazi ya fundi, tena ya nusu saa tu.

6. Gia. Jaribu zote, hasa nyepesi kabisa: mbele gia ndogo, nyuma gia kubwa yenye meno mengi. Hiyo ndiyo itakayokupandisha. Ikigoma kuingia, heri ugundue nyumbani.

Ukitoka kwa fundi, endesha kilomita tano mtaani kabla ya kumaliza kumlipa. Marekebisho mengi hujionyesha baada ya dakika kumi za kukanyaga.

Cha kubeba

Begi dogo mgongoni linatosha, ingawa kifurushi kilichofungwa kwenye keria kinakupunguzia jasho la mgongo. Weka tyubu ya akiba inayolingana na tairi lako, pampu ndogo, viraka na solisheni, vijiko viwili vya kutolea tairi, spana inayofungua magurudumu yako, na kipande cha waya. Waya umeokoa safari nyingi: unafunga matagadi yanayogonga, keria iliyokatika, hata kiatu kilichofunguka soli.

Maji lita mbili kila mtu wakati wa kuondoka, na utaongeza njiani. Kunywa kabla kiu haijaanza, mafunda machache kila robo saa. Chukua pakiti ya ORS au chumvi kidogo na sukari, kwa maana jasho la Dar linatoka na chumvi, na maji matupu peke yake mwishoni yanakuacha na misuli inayokaza. Chakula chepesi: ndizi mbivu, karanga, kashata, viazi vitamu vilivyochemshwa.

Kofia ngumu si pambo. Vaa nguo ya rangi inayoonekana, na uwe na taa nyekundu ya nyuma hata kama unapanga kurudi mchana. Beba kitambulisho, simu iliyojaa chaji, na salio kwenye simu kwa malipo ya getini. Fedha taslimu kidogo za noti ndogondogo zitakufaa kwa madafu.

Muende watu wanne hadi sita. Wawili ni wachache mmoja akipata tatizo. Kumi ni msafara, na msafara unakatikakatika kwenye kila taa ya barabarani. Mmoja anayejua njia atangulie, na mmoja mzoefu, mwenye pampu na viraka, abaki nyuma kabisa na asimpite mtu yeyote. Mwendo unapangwa na aliye dhaifu kuliko wote, na wenye mbio wakubaliane na hilo kabla ya kuondoka.

Kutoka Posta hadi Tazara

Anzieni Posta saa kumi na mbili na robo, mkapite Sokoine Drive hadi Stesheni. Simameni hapo dakika chache. Reli ya Kati ilianza kujengwa na Wajerumani kutoka hapa Dar mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Upana wake ni mita moja kamili kati ya chuma na chuma, ndiyo maana mafundi wanaiita reli ya mita. Jirani yake ndipo ilipo stesheni ya SGR, ile ya vioo iliyochorwa kwa kufuata umbo la tanzanite. Reli yake ina upana wa milimita 1,435. Abiria walianza kusafiri kwenda Morogoro Juni 2024, na uzinduzi rasmi ukafanyika tarehe 1 Agosti mwaka huohuo.

Kutoka hapo mnapita Gerezani na Kamata kuingia Barabara ya Nyerere. Wazee bado wanaiita Pugu Road, na kwa safari ya leo wao ndio wako sahihi zaidi. Juu ya vichwa vyenu mtaona nguzo za daraja refu linalobeba SGR kutoka katikati ya mji.

Njia ya katikati ni ya mabasi ya mwendokasi. Haijalishi iko tupu kiasi gani asubuhi hiyo, msiingie. Kaeni kushoto, mstari mmoja, hatua kama moja na nusu kutoka ukingoni. Ukibana sana ukingoni unakutana na mchanga, vifuniko vya mitaro na bodaboda wanaokuja kinyume. Ukiacha nafasi kidogo una mahali pa kukimbilia.

Daladala lina tabia zake na ni vizuri uzijue. Likikupita kwa kasi huku kondakta ananing'inia mlangoni, ujue linakwenda kukata kushoto mbele yako lisimame. Usijaribu kulipita kwa upande wa kushoto, maana abiria anashuka bila kutazama. Punguza mwendo, tazama nyuma, lipite kulia kukiwa salama. Vinginevyo subiri. Kondakta akigonga bati mara mbili linaondoka, na dereva hatazami kioo.

Makutano ya Tazara yanataka akili. Juu kuna daraja la Mfugale, lililofunguliwa mwaka 2018 na kupewa jina la mhandisi Patrick Mfugale. Baiskeli isipande juu: magari yanakwenda mbio na hakuna pembeni pa kukimbilia. Piteni chini, mngoje taa, na kama mmoja wenu ana wasiwasi, mshuke wote mvuke kwa miguu pamoja na watembea kwa miguu.

Jengo kubwa lile ni stesheni ya TAZARA, reli ya tatu ya safari yenu. Ilijengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Upana wake ni milimita 1,067, ili ioane na reli za Zambia na za kusini zaidi. Ndiyo kusema jiji hili moja lina reli tatu, na behewa la moja haliwezi kukanyaga nyingine.

Tazara hadi Gongo la Mboto

Kipande hiki hakina uzuri wa kusimulia. Mnapita Jet, Kipawa, uwanja wa ndege, Banana, Ukonga, Mombasa, na barabara inaanza kujaa watu kadiri saa moja inavyokaribia. Kazi yenu hapa ni moja, kwenda taratibu na kufika. Ndege ikishuka juu yenu pale Kipawa, tazameni barabara, ndege zitakuwepo mkirudi.

Kama kwenye kundi kuna watoto wakubwa au watu wanaoanza, ruka kipande hiki chote. Kodini kirikuu, yaani gari dogo la mizigo, pakieni baiskeli, mkaanzie safari Gongo la Mboto. Mnapoteza reli moja kati ya tatu, ile ya TAZARA, lakini mnaokoa nguvu na roho. Mkipakia, toeni pedali au mfunge maboksi katikati ya baiskeli na baiskeli, la sivyo zitafika zimechunana rangi.

Gongo la Mboto ndipo pa kunywa chai. Watu wa treni ya mjini, ile iliyoanza 2012 na watu wakaibatiza treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, wanaufahamu upande huu wa reli ya mita vizuri. Kuleni chapati na chai ya rangi, ongezeni maji. Supu nzito iacheni, mlima uko mbele.

Mlima wa Pugu

Baada ya Gongo la Mboto hewa inabadilika. Nyumba zinaachana, miembe inaonekana, na barabara inaanza kuinuka. Vilima vya Pugu si virefu, havifiki hata mita 400 kutoka usawa wa bahari, lakini aliyezoea tambarare ya Dar atavisikia kwenye mapaja.

Namna ya kupanda: badilisha gia kabla mlima haujaanza, si katikati yake. Ukibadilisha huku unakanyaga kwa nguvu zote, mnyororo unaweza kukatika au kuruka. Weka gia nyepesi, zungusha miguu haraka kidogo bila kukandamiza, legeza mabega, na upumue kwa tumbo. Usisimame kwenye pedali mapema. Ukishindwa kuzungumza sentensi nzima na mwenzako, umezidisha mwendo, punguza.

Pugu Kajiungeni kuna njia panda, moja ya Chanika na moja ya Kisarawe. Hakikisheni mmeshika ya Kisarawe. Ukiwa na shaka, muulize mzee au mama muuza matunda: "Shikamoo, samahani, njia ya Kisarawe ni hii?" Simama kabisa na ushuke kwenye baiskeli kabla ya kuuliza. Huku si Kariakoo, na swali linalorushwa mtu akiwa anapita hujibiwa kwa kutazamwa tu.

Reli ya mita na SGR zote mbili zinapita Pugu. Jiwe la msingi la SGR liliwekwa hapa Pugu Aprili 2017 na Rais Magufuli. Mahali pazuri pa kutazama ni popote barabarani panapoonyesha tuta lake na nyaya. Angalia jinsi zilivyolikwepa jicho la kilima: reli imezunguka, imekata, imejaza, ilimradi isipande ghafla kama barabara yako. Hapo utaelewa wale wa Wisconsin wanafurahia nini.

Pugu pia kuna shule ambayo Mwalimu Nyerere alifundisha miaka ya mwanzo ya 1950, ikiitwa St. Francis. Alikuwa mwalimu hapa TANU ilipoanzishwa Julai 1954, na mwaka uliofuata akaacha kazi ili afanye siasa. Kati ya shule na mji alikuwa akitembea mara nyingi kwa miguu, njia ileile uliyotoka kulalamika kwamba ni ndefu kwa baiskeli.

Msituni

Kati ya Pugu na Kisarawe ndipo ilipo Hifadhi ya Mazingira Asilia Pugu-Kazimzumbwi, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Fuateni vibao vya TFS mkikaribia Kisarawe. Malipo ya kiingilio yanafanyika kwa namba ya malipo ya serikali kupitia simu, raia analipa kiwango chake na mgeni chake, ndiyo maana nikasema beba kitambulisho. Usikubali kulipa mkononi bila risiti.

Waambie askari wa msitu mapema kwamba mnaingia na baiskeli na muulize njia zipi zinapitika siku hiyo. Chukueni mwongozaji. Njia za msituni zinagawanyika, nyingine ni za wakata kuni zinazoishia kwenye miiba. Mwongozaji pia ndiye atakayekuonyesha kitu ambacho wewe ungekipita.

Na vya kuonyeshwa vipo. Huu ni mabaki ya misitu ya pwani ya Afrika Mashariki, ambayo zamani ilikuwa mingi na sasa imebaki vipandevipande. Humu anaishi komba mdogo kuliko komba wote wanaojulikana, komba wa Rondo, mwenye uzito wa gramu 60 hivi, mnyama ambaye hapatikani nje ya misitu michache ya pwani ya Tanzania. Mchana hutamwona, amelala. Kipepeo, nyani na ndege mtawaona. Kuna udongo mweupe wa kaolini, na mashimo ya migodi ya zamani ambamo popo wamefanya makao. Msiingie humo bila mwongozaji.

Halafu kuna maji. Mto Msimbazi, uleule unaofurika Jangwani na kufunga barabara ya Morogoro kila mvua kubwa inaponyesha, chanzo chake kiko kwenye vilima hivi. Ukisimama juu huku ukaona miti iliyokatwa kwa mkaa, unaanza kuelewa kwa nini maji yanafika bondeni kwa hasira. Kila mkazi wa Magomeni angepandishwa hapa mara moja maishani mwake.

Kuendesha msituni ni tofauti na barabarani. Punguza upepo wa tairi kidogo. Tazama mbele mita tano au sita, si chini ya gurudumu, kwa kuwa baiskeli inakwenda macho yanakotazama. Kwenye mchanga, rudisha uzito nyuma, shika usukani kwa wepesi na uendelee kukanyaga. Ukisimama katikati ya mchanga hutoki. Kwenye mizizi iliyolowa, usibane breki ya mbele. Bwawa la Minaki ni mahali pazuri pa kutandika khanga na kula mlichobeba. Taka rudini nazo.

Kisarawe na chakula cha mchana

Mji wa Kisarawe ni mdogo, ni makao makuu ya wilaya, na tayari mko Mkoa wa Pwani. Kuleni hapa chakula kamili: wali na maharage, ugali na samaki, chochote kilichotoka jikoni muda huo. Msimu ukiwa mzuri, machungwa, mananasi na mafenesi yamepangwa kando ya barabara kwa bei ambayo Dar hamuipati. Kila mwaka kuna mtu anayenunua fenesi zima bila kufikiria kilomita 30 za kurudi nalo. Likatwe lilwe papo hapo.

Pumzikeni saa nzima. Kama mtu ana kizunguzungu, ameacha kutoka jasho au anajibu maswali kwa kuchelewa, huyo haendeshi tena leo. Mweke kivulini, mvulie kofia, mlowanishe shingo na kichwa, mpe maji ya ORS kidogokidogo, kisha tafuteni kirikuu kimrudishe yeye na baiskeli yake. Lakini aliyeacha kutoka jasho au anayejibu kwa kuchelewa, au yeyote asiyepata nafuu haraka, mpelekeni mara moja hospitali ya wilaya, iko palepale mjini.

Kushuka na kurudi

Jazeni upepo tena kabla ya kugusa lami. Mteremko wa Pugu ni raha, na ndiko ajali za siku huwa. Bana breki zote mbili kidogokidogo, achia, bana tena. Ukizishikilia mfululizo rimu inapata joto na breki zinalegea. Acheni nafasi ya magari mawili kati ya baiskeli na baiskeli. Anayetangulia akiona shimo au mchanga apaze sauti na aonyeshe kwa mkono.

Tairi likitoboka, ondokeni kabisa barabarani. Geuza baiskeli, toa gurudumu, tafuta kilichochoma kabla ya kubadilisha tyubu, maana mwiba ukibaki kwenye tairi utatoboa na ya pili. Tyubu iliyotoboka ifungeni mrudi nayo, kiraka kitabandikwa nyumbani kwa utulivu. Tatizo likiwa kubwa, mafundi baiskeli wapo Gongo la Mboto, wengine chini ya mwembe na ndoo ya maji tu, na wanaijua kazi.

Kutoka Ukonga kuingia mjini jioni ya Jumapili magari yamerudi. Wenye nguvu waendelee hadi Posta kwa mstari mmoja, taa za nyuma zimewashwa. Waliochoka wapakie kirikuu Banana bila kuombwa radhi na mtu.

Jumatatu

Usiiache baiskeli na vumbi la Pugu hadi wikiendi nyingine. Ioshe kwa maji ya ndoo, si kwa bomba la nguvu la kuoshea magari, ambalo linasukuma mchanga hadi kwenye goroli. Ikaushe, paka mnyororo mafuta, futa yaliyozidi. Hewa ya Dar ina chumvi na kutu haingoji. Pitia tena mipira ya breki, kwani mteremko ule unaila kuliko unavyodhani, na kama imebaki milimita moja au mbili, nunua mipya wiki hiyohiyo.